Utengamao wa moyo kwa njia ya video: kazi kubwa huisha kabla kamera haijawashwa

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Uviko-19 kuwa janga la dunia nzima, na ndani ya wiki chache kumbi za mazoezi ya wagonjwa wa moyo zikafungwa nchi baada ya nchi. Hakuna aliyebisha. Watu kumi na mbili waliopata shambulio la moyo, wengi wao wenye umri mkubwa, kisukari au presha, wanahema kwa nguvu saa nzima katika chumba kimoja: hakuna mazingira mabaya kuliko hayo kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi.

Shida ni kwamba mashambulio ya moyo hayakusimama. Na utengamao, yaani ile programu ya wiki kadhaa ya mazoezi, elimu na ufuatiliaji inayomfuata mgonjwa baada ya kutoka wodini, si pambo. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalionyesha kuwa kwa waliopata utengamao wenye mazoezi, vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 7.6 badala ya 10.4, na waliolazwa tena walikuwa asilimia 26.1 badala ya 30.7. Ukiifunga huduma hiyo kwa mwaka mzima, kuna watu watakaolipia kwa uhai.

Kuifanyia nyumbani hakukubuniwa na janga. Uskoti walikwisha kujaribu programu ya nyumbani yenye kitabu cha mwongozo na mhudumu wa kufuatilia, na matokeo yake yakachapishwa 1992. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2017, hayakuona tofauti ya maana kati ya wanaofanyia nyumbani na wanaokwenda kituoni, si kwa vifo wala kwa uwezo wa mwili. Mwaka 2019 vyama vya moyo vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba utengamao wa nyumbani ni njia inayokubalika, ila kwa wagonjwa waliotulia wenye hatari ndogo au ya wastani ambao hawawezi kufika kituoni.

Hayo maneno ya mwisho yasipitwe haraka. Tafiti nyingi za nyumbani zilimpima mgonjwa ana kwa ana kwanza, ndipo zikamruhusu kwenda. Janga liliondoa hata siku hiyo moja. Kwa hiyo anayedhani utengamao wa mtandaoni ni kuhamishia darasa kwenye skrini anaanza na tatizo dogo kuliko yote. Ukumbini mhudumu anamwona mtu tangu anapoingia mlangoni: anavyohema baada ya ngazi, rangi ya midomo, vifundo vya miguu vilivyovimba, mkono unaopapasa kifua bila mwenyewe kujijua. Kwenye video vyote hivyo hupotea au huja nusu. Kila kilichokuwa kinafanywa na jicho na mkono lazima kigeuzwe kuwa swali, namba, au makubaliano yaliyofanywa mapema.

Nani aingie, nani asubiri

Anza na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Kitu cha kwanza kutafuta ni nguvu ya moyo kusukuma damu, ile asilimia inayotolewa na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Asilimia 50 na kuendelea, bila matatizo mengine, ni hatari ndogo. Kati ya 40 na 49 ni ya wastani. Chini ya 40 ni hatari kubwa. Tafuta pia kama mgonjwa aliwahi kusimama moyo, kama kuna mdundo mbaya wa moyo uliorekodiwa, kama imebaki mishipa iliyoziba ambayo haikuwekewa stenti, kile kijineli cha kuuweka mshipa wazi, na kama maumivu ya kifua yamerudi tangu atoke. Kama eko haipo kwenye karatasi, usijaze pengo kwa matumaini. Mhesabu kuwa wa hatari kubwa mpaka kipimo kipatikane.

Wakati wa janga, hili lilikuwa na uzito wa pekee. Watu wengi waliopatwa na maumivu ya kifua walikaa nyumbani kwa saa nyingi, wengine siku, wakiogopa kuambukizwa hospitalini. Msuli wa moyo ukinyimwa damu hufa kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo waliofika wamechelewa walitoka na mioyo dhaifu kuliko ilivyozoeleka, na mara nyingi walitolewa wodini haraka ili kupisha vitanda. Mgonjwa wa 2020 hakuwa sawa na mgonjwa wa 2019, hata kama jina la ugonjwa kwenye karatasi lilikuwa lilelile.

Wapo wasiopaswa kufanya mazoezi popote, si ukumbini wala nyumbani, mpaka waonwe na daktari: wenye maumivu ya kifua yanayokuja wakiwa wamepumzika au yanayozidi siku hadi siku, wenye presha ya kupumzika zaidi ya 180 ya juu au 110 ya chini, wenye mapigo ya kupumzika zaidi ya 100 yasiyo na maelezo, walioongezeka uzito wa kilo mbili au zaidi ndani ya siku mbili tatu kwa sababu ya maji kujaa mwilini, na yeyote mwenye homa. Kisha kuna kundi la katikati, ambalo lingeweza kufanya ukumbini chini ya macho ya wahudumu lakini si peke yake sebuleni. Mtu mwenye nguvu ya moyo ya asilimia 35, anayeishi peke yake, anayepata kizunguzungu akisimama: huyo apewe simu kila wiki, elimu, uangalizi wa dawa na kutembea taratibu, wala asiingizwe kwenye darasa la video. Kumwambia hivyo ni kazi ngumu, maana anaona wenzake wanaruhusiwa. Mwambie hivyohivyo.

Simu ya kwanza ni ya mtu mmoja

Tenga dakika 45 hadi 60 kwa kila mgonjwa, peke yake, kabla hajaona darasa lolote. Muulize anachokiogopa kabla ya kuuliza kingine. Wengi huogopa kitu kimoja, kwamba mapigo yakipanda shambulio litarudi. Asiyetolewa hofu hiyo atafanya mazoezi kwa robo ya nguvu kwa wiki nane na wewe utadhani programu haifanyi kazi.

Halafu dawa. Usimwombe akusomee orodha. Mwombe alete pakiti zote mbele ya kamera, moja moja, na amimine zilizobaki kiganjani. Hapo ndipo utakapoona pakiti mbili zenye majina tofauti ya kibiashara lakini dawa ileile, moja aliyopewa wodini na nyingine aliyonunua baadaye, naye anameza zote. Utaona klopidogreli au tikagrelo imekwisha wiki iliyopita na hajaenda kuchukua nyingine kwa kuogopa kutoka nje. Hilo ni la dharura: aliyewekewa stenti akikatiza dawa ya kuzuia damu kuganda, stenti inaweza kuziba ghafla. Dawa hizo kwa kawaida huenda pamoja na aspirini kwa miezi 12 baada ya shambulio, na anayeamua zikatishwe mapema ni daktari wa moyo peke yake.

Jambo jingine la wakati ule: Machi 2020 zilienea habari kwamba dawa za presha za kundi la ramiprili, lisinoprili na losartani zinamfanya mtu aathirike zaidi na Uviko-19. Vyama vikuu vya madaktari wa moyo vilitoa tamko mwezi huohuo kwamba zisiachwe, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa madhara. Lakini uvumi ulikwishafika kabla ya tamko. Swali la kumuuliza mgonjwa si «unameza dawa zako?», kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Uliza, «ni ipi umeipunguza au kuiacha, na kwa nini?»

Usimalize simu hiyo bila kumwona akijipima presha. Mashine iwe ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishanishwa, mkono umelala mezani usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi tupu. Asiwe amekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya kazi nzito nusu saa kabla, na awe amekwenda haja ndogo. Apime mara mbili kwa kuachia dakika moja katikati. Makosa yanayoharibu namba ni yaleyale kila mara: kitambaa kidogo kwa mkono mnene, ambacho hutoa presha ya juu kuliko ilivyo, mkono unaoning'inia, ambao hufanya vivyo hivyo, na mgonjwa anayekusimulia habari huku mashine inajaa upepo. Ukimwona akifanya mara moja kwa macho yako, namba zake za wiki zijazo zitakuwa na maana.

Mapigo ayahesabu mwenyewe kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa sekunde 30, kisha azidishe mara mbili. Saa za mkononi zenye taa hukosea mara mkono unapoanza kutikisika, na kwa mtu mwenye mdundo usio na mpangilio hazitegemeki kabisa. Kipima oksijeni cha kidole kinafaa akiwa ametulia na vidole vikiwa na joto. Ila ujue kwamba kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo, jambo lililodhihirishwa na utafiti uliochapishwa Marekani 2020, kwa hiyo mtu anayehema vibaya huku kidole kinasema asilimia 95 bado ni mtu anayehema vibaya.

Kumpima uwezo bila ukumbi

Kipimo cha kutembea dakika sita kinataka njia iliyonyooka ya mita 30. Nyumbani haipo, na kumzungusha mtu kwenye meza huku anageuka kila hatua tatu kunapima ugeukaji wake tu. Kinachofaa zaidi ni kuinuka na kukaa kwenye kiti: mikono imekunjwa kifuani, anainuka mpaka magoti yanyooke, anakaa, unahesabu mara ngapi kwa sekunde 30. Kipo cha dakika moja nzima pia, lakini hicho huchosha kwelikweli na tungekiacha kwa wenye hatari ndogo. Kingine ni kupiga hatua mahali pamoja kwa dakika mbili, ukihesabu goti la kulia kila linapofika alama iliyobandikwa ukutani, katikati ya fupanyonga na sehemu ya juu ya kilegesambwa, kile kifuniko cha goti.

Kiti kinaamua matokeo. Mwombe apime kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi pale anapokalia, na uandike namba hiyo pembeni ya matokeo. Karibu sentimita 45 inafaa. Kiti kisiwe na magurudumu, kisiwe na mto, na kiegemee ukuta. Mgonjwa akipimwa wiki ya kwanza kwenye kiti cha sentimita 42 na wiki ya nane kwenye cha 48, utampongeza kwa maendeleo yaliyoletwa na seremala. Hesabu asihesabu yeye. Hesabu wewe, na kama picha inagandaganda, msaidizi wa nyumbani ahesabu kwa sauti. Pima mapigo na presha kabla na mara baada, kisha tena baada ya dakika mbili.

Mapigo gani, na nguvu kiasi gani

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema huharibu. Ile kanuni ya 220 kutoa umri haimhusu mtu anayemeza bisoprololi, atenololi, metoprololi au karvediloli, na baada ya shambulio la moyo ni wengi wanaozimeza. Dawa hizo hushusha mapigo ya juu kabisa kwa 20 hadi 30 kwa dakika, wakati mwingine zaidi.

Chukua mtu wa miaka 60 mwenye mapigo ya kupumzika 60. Kwa kanuni ya 220, mapigo yake ya juu ni 160, tofauti yake na ya kupumzika ni 100, na lengo la kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti linakuwa 100 hadi 130. Sasa mtu huyohuyo alipimwa kwenye mashine ya kutembea akiwa ametumia dawa zake, akafika 130 na kushindwa kuendelea. Tofauti yake halisi ni 70. Asilimia 40 yake ni 28, asilimia 70 ni 49, kwa hiyo lengo lake ni 88 hadi 109. Kanuni ya kwanza ilikuwa inamwelekeza afanye mazoezi mpaka ukomo wa uwezo wake, peke yake, sebuleni.

Kipimo cha mashine kikikosekana, kama kilivyokosekana karibu kila mahali wakati wa janga, mapigo yasizidi ya kupumzika kwa zaidi ya 20 hadi 30 katika wiki za mwanzo, na uzito wa kuamua uhamie kwenye kipimo cha Borg. Hicho ni ngazi ya namba 6 hadi 20 iliyobuniwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, ambapo 6 ni kukaa bila kufanya lolote, 11 ni kazi nyepesi, 13 ni ngumu kiasi, 15 ni ngumu na 20 ni mwisho wa nguvu. Wagonjwa hawa waanze 11, wafanye kazi kati ya 11 na 14.

Namba hiyo hudanganya kwa njia mbili. Wapo wanaosema 11 kila siku kwa sababu wanajua ndiyo unayotaka kusikia, na wapo wanaotaja namba ya juu au ya chini kufuatana na jirani aliyetangulia kujibu. Kwa hiyo usiulize kwa sauti mbele ya kundi. Kila mtu awe na karatasi ya ngazi hiyo ukutani, aandike namba kwenye ujumbe unaokwenda kwa mhudumu pekee. Kisha mfungulie mtu mmoja mmoja mikrofoni na umwambie ataje siku za wiki akiwa anaendelea na zoezi. Anayefika Alhamisi kwa pumzi moja yuko sawa. Anayehema baada ya kila siku moja amezidisha, hata kama ameandika 12.

Chumba na kamera

Inatosha nafasi ya mita mbili kwa mbili, bila zulia linaloteleza, bila waya wa chaja sakafuni, bila mtoto wala mnyama wa kufugwa anayepita miguuni. Kuanguka ni hatari ya karibu zaidi kuliko shambulio jipya. Viatu vya kufunga, si ndala wala soksi. Maji karibu, dawa ya nitrogliserini ya chini ya ulimi mfukoni au mezani inapofikika, si bafuni.

Kamera iwekwe kimo cha kifua, mita mbili hadi tatu kutoka anaposimama, dirisha likiwa mbele yake na si nyuma. Dirisha likiwa nyuma unaona kivuli kinachoruka, na kivuli hakionyeshi weupe wa midomo wala jasho. Lazima umwone kuanzia kichwani hadi nyayoni akisimama, na uso wake akikaa. Jaribio la kwanza la karibu kila mtu hutoa paji la uso na dari. Mwambie akubandikie alama mbili za utepe sakafuni, ya kiti na ya kusimamia, ili wiki ijayo asianze upya.

Bando nalo lina hesabu yake. Simu ya video ya kundi inaweza kula gigabaiti moja au zaidi kwa saa. Vipindi viwili vya saa moja kila wiki, kwa wiki nane, vinafika gigabaiti 16 kwa urahisi, na mgonjwa hatakwambia kwamba limekwisha, atatoweka tu. Uliza mapema. Ukilazimika kupunguza, punguza ubora wa picha anayoipokea, wala si ile anayoituma, maana mwenye haja ya kuona ni wewe.

Kipindi chenyewe

Wahudumu wawili, si mmoja. Mmoja anaongoza mazoezi, wa pili hafanyi zoezi lolote: macho yake yako kwenye vijidirisha vya wagonjwa na simu iko mkononi. Anayeruka huku anaongea hawezi kumwona aliyesimama kimya. Tunaona washiriki sita hadi wanane ndio mwisho. Kwenye skrini ya kawaida zaidi ya hapo mtu anakuwa mdogo kama stempu.

Fungua mkutano dakika 15 kabla. Kila mmoja, kwa faragha, atoe presha, mapigo, uzito kama ana shida ya maji kujaa mwilini, dalili mpya, dawa za leo, na mahali alipo sasa hivi, anwani kamili. Hili la anwani huonekana la kuudhi mpaka siku mtu atakapoungana akiwa kwa dada yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kundi la gliklazidi apime sukari: chini ya milimoli 5.5 kwa lita ale kwanza wanga wa gramu 15 hadi 30, na ikiwa juu ya 14 huku hajisikii vizuri au ana ketoni (asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikipungua), leo apumzike.

Kupasha mwili kuchukue dakika 15 nzima. Mishipa ya moyo yenyewe inahitaji muda kutanuka. Ukimwanzisha mtu kwa kasi, mahitaji ya msuli yanautangulia mtiririko wa damu na kifua kinabana. Kipande cha kati kianze na dakika 10 na kiongezwe mpaka 20 au 30, kikibadilishana kati ya zoezi la kuhemesha na la kupumzika huku unatembea: kupiga hatua mahali pamoja, kusukuma ukuta, kwenda pembeni na kurudi, kuinuka kitini, kuvuta utepe wa mpira. Kila zoezi liwe na ngazi tatu, na ya chini kabisa iwe ya kukaa. Mikono isikae juu ya kichwa kwa muda mrefu, kwani hupandisha presha na mapigo kuliko kazi yenyewe inavyostahili. Pumzi isizuiwe wakati wa kusukuma. Mwenye mshono wa kifua asivute wala kusukuma kizito mpaka mfupa uunge, kwa kawaida wiki 8 hadi 12.

Mazoezi ya kulala sakafuni yaacheni. Mtu akilala anatoka kwenye kamera, na akiinuka presha inashuka, hasa kwa anayemeza dawa tatu za kuishusha.

Kushusha kasi ni dakika 10, miguu ikiendelea kutembea. Akisimama ghafla, damu hubaki miguuni, presha huporomoka, wakati homoni za mkurupuko, kama adrenalini, bado ziko juu. Hicho ndicho kipindi cha kuzimia na cha midundo mibaya, na ndicho kipindi ambacho watu hufunga kompyuta kwenda kuoga. Kwa hiyo baada ya kushusha kasi wabaki mbele ya kamera dakika 15, wamekaa, wanakunywa maji. Somo la dawa, kuacha sigara, kulala au kurudi kazini liwekwe hapo. Hawatajua kuwa wanaangaliwa, na somo litasikilizwa.

Picha ikiganda

Picha iliyoganda na mtu aliyezimia huonekana sawa kwa sekunde kumi za kwanza. Hivyo kanuni iwe moja na isiwe na huruma: kamera ikizimika au mtu akitoka kwenye picha bila kuaga, mhudumu wa pili anapiga simu yake ndani ya dakika moja. Asipopokea, anapigiwa mtu wa karibu aliyeandikwa. Naye asipopatikana, gari la wagonjwa linatumwa kwenye anwani aliyoitaja leo. Mgonjwa aambiwe haya tangu simu ya kwanza, ili asishangae akipigiwa kwa sababu chaji imekwisha.

Kuna mtego hapa ambao wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Ukipiga namba fupi ya dharura kutoka ulipo, unaunganishwa na kituo cha eneo lako, si cha mgonjwa. Kama anakaa mji mwingine, tafuta mapema namba ndefu ya kituo cha kwao na uiweke kwenye faili lake. Wakati wa janga magari yalichelewa, kwa hiyo mtu mzima mwingine awepo nyumbani katika vipindi vya mwanzo, awe ameonyeshwa namna ya kukandamiza kifua, na mlango wa mbele usifungwe kwa komeo.

Kifua kikibana: aache, akae, asisimame wima wala asilale chali, maana nitrogliserini hushusha presha. Dozi moja chini ya ulimi, asubiri dakika tano. Mahali pengi wanafundisha dozi ya pili na dakika tano nyingine kabla ya kuita gari. Kwa mtu aliye mbali na mikono yako ni salama zaidi kuita baada ya tano za kwanza kama maumivu hayajapungua, na mara moja kama yanaambatana na jasho jingi, kuhema au kuhisi kuzimia. Na mwulize kila mwanamume, bila kumung'unya maneno, kama ametumia sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya 48. Ikiwa ndiyo, nitrogliserini isitumike kabisa. Ukumbini swali hili liliulizwa pembeni kwa kunong'ona. Mtandaoni liwe kwenye fomu ya faragha, si mbele ya kundi.

Akiugua Uviko-19 katikati ya programu

Mazoezi yasimame siku ya dalili ya kwanza. Arudi akiwa amemaliza angalau wiki nzima bila dalili, aanzie ngazi ya chini ya alipoishia, Borg isizidi 11. Maumivu mapya ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kukata kwa kazi ambayo zamani hakuihisi ni sababu ya kumpeleka kwa daktari kwanza, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuutia msuli wa moyo uvimbe, na moyo wenye uvimbe huo hautakiwi kufanyishwa mazoezi makali kwa miezi kadhaa.

Upweke ulikuwa ugonjwa wa pembeni. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, ni fupi na linajulikana, na alama 10 au zaidi zinataka mazungumzo. Lakini usilitume kama fomu ya mtandaoni Ijumaa jioni: swali lake la tisa linauliza kuhusu kutaka kufa, na jibu lisilosomwa mpaka Jumatatu ni hatari uliyoitengeneza mwenyewe. Liulize kwa simu, mtu akiwa peke yake chumbani, na uwe unajua utampeleka wapi.

Asiye na intaneti

Simu ya kawaida inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kitabu kidogo kilichochapwa, daftari la kuandika presha, mapigo, dakika na namba ya Borg, na simu moja kila wiki siku ileile, saa ileile. Kutembea dakika 10 mara mbili kwa siku, kisha kuongeza dakika mbili au tatu kila siku kadhaa mpaka 30 za mfululizo. Marufuku ya kutoka ikiwepo, hatua za mahali pamoja ukishikilia mgongo wa kiti hufanya kazi hiyohiyo. Wengine hupendelea hivi hata wakiwa na simu janja, na wasilazimishwe video.

Anayekosa vipindi viwili mfululizo apigiwe simu na mtu aliyemfanyia tathmini ya kwanza, si na karani. Mara nyingi si uvivu: ni bando, ni aibu ya kuonyesha nyumba, au ni maumivu aliyoyaficha. Mkutano usirekodiwe, uwe na chumba cha kusubiria na nenosiri, na washiriki waonekane kwa jina la kwanza tu.

Wiki ya mwisho rudia kipimo kwa kiti kilekile, saa ileile ya siku, baada ya dawa zilezile. Barua ya kumaliza iende kwa mgonjwa na kwa daktari wake: matokeo mawili ya kiti na kimo chake, presha ikilinganishwa na lengo la chini ya 130/80, kolesteroli mbaya (LDL) ikilinganishwa na lengo la chini ya milimoli 1.4 kwa lita, kiwango cha mapigo cha kufanyia mazoezi, na tarehe ambayo dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda inatakiwa ipitiwe upya, iandikwe siku, mwezi na mwaka.